Mwaka Niliolala Nimeketi

Hivi majuzi, kwenye benchi la kliniki ya moyo, mwanamke mmoja kijana aliniegemea bila kuniomba ruhusa akaniuliza, "Mathe, ni ukweli na wewe ulikuwa unalala umeketi?" Nikamwambia ndiyo, karibu mwaka mzima. Akaanza kulia. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia kwamba mtu anayelala ameketi ametumwa na wachawi kulinda nyumba. Nilitaka kumjibu palepale, lakini naujua mdomo wangu, ungemwaga matusi mbele ya manesi. Nikamwambia nitamwandikia. Basi maandishi yenyewe ndiyo haya. Ni yake, na ni ya yeyote yule anayekaa kitako kitandani huku nyumba nzima ikikoroma.

Naitwa Mwende, Mama Ndinda. Nilikuja Nairobi kutoka Kitui nilipoolewa na Mutua, tukapanga chumba kimoja Gatwekera, ndani ya Kibera, udongo pembeni na mabati juu. Mutua alikuwa fundi wa vitanda kando ya barabara ya Ngong. Aliwatengenezea watu wenye pesa wa mtaa wa Ayany vitanda vyenye vichwa vya kuchongwa maua, halafu akaja nyumbani kulala nami kwenye godoro lililowekwa juu ya kreti za soda. Mimi niliuza mapazia ya mitumba soko la Toi. Mtoto wetu Ndinda alikuwa kwa mama yangu Kitui, akisoma, na kwa hilo peke yake nilikuwa nimetumia akili.

Ugonjwa ulianza na kilima. Asubuhi nikitoka Gatwekera kupanda kuelekea Toi, nilikuwa nasimama mara moja njiani nikijifanya nafunga kiatu. Baadaye nikawa nasimama kila baada ya nyumba chache, nimeinama, nafunga kiatu. Kiatu chenyewe kilikuwa ndala. Hakuna aliyeniuliza mtu wa ndala anafunga nini.

Kisha ikaja kulala. Nikilala chali, kifua kinajaa, kana kwamba mtu ananimiminia maji ndani taratibu. Naamka nimeshika ukuta, nafungua mdomo, hewa haingii. Nikiketi, inapungua. Nikakohoa, na kilichotoka ni povu lenye rangi ya waridi. Kwa hiyo nikaenda kwa yule jamaa aliyekuwa na kliniki ya mabati karibu na reli, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuiona Gatwekera. Alinisikiliza kifua juu ya sweta. Hakuniambia nivue. Aliweka kile chombo chake juu ya sweta ya sufi, akatikisa kichwa kama mzee wa kanisa, akasema, "Unatoa damu? Hiyo ni TB, mama, wala usiniulize."

Sikumuuliza. Nilimeza dawa za TB mvua zote za mwisho wa mwaka. Mkojo ukageuka rangi ya machungwa, tumbo likakataa chakula, na pumzi ikazidi kupotea. Habari zilifika Toi kabla yangu. Mwanamke aliyeuza mashuka kando yangu alihamisha meza yake, akaniambia ni kwa sababu ya jua. Tulikuwa kwenye mvua za Novemba. Mutua naye alininunulia kikombe changu, cha plastiki, chekundu, akakitundikia msumari wake peke yake ukutani ili kisiguse vingine. Alifanya hivyo kwa upole sana, na ule upole ndio uliokuwa unanichemsha damu.

Sasa nimtaje Katunge.

Katunge ni dada mkubwa wa Mutua. Anaishi Kawangware, anapika chapati kwa jiko la makaa mlangoni pake, na Jumamosi anaongoza maombi ya akina mama katika kanisa moja la mabati. Ni mwanamke mpana, sauti yake inaanza kabla hajaingia, na anaweza kukuombea kabla hujamaliza kumweleza shida. Sikumpenda tangu siku ya kupeleka mahari, aliponikagua meno. Aliposikia nalala nimeketi, alikuja mpaka Gatwekera kuja kujionea.

"Mtu wa Mungu hulala," akasema. "Hata Bwana Yesu alilala kwa mashua."

"Yesu hakuwa na kikohozi," nikamjibu.

"Mama Ndinda, hiyo mdomo ndiyo mlango. Hiyo pepo imeingilia hapo. Jumamosi utakuja."

Mutua alinitazama kwa macho ya kuniomba nisilete vita. Nikaenda.

Katika kanisa lile, mtu akiombewa lazima aanguke. Wapo akina mama wawili kazi yao ni kusimama nyuma yako na kukudaka, na wa tatu anakaa tayari na leso ya kukufunika miguu ili heshima isipotee. Ukianguka, wanakulaza chali sakafuni, unabaki hapo mpaka Roho amalize kazi. Ukikataa kuanguka, unasaidiwa. Mimi nilikataa. Katunge aliweka kiganja kwenye paji langu la uso akasukuma, na kwa uzito wake angesukuma hata gari. Nikadakwa, nikalazwa chali, nikafunikwa leso.

Maji yakaja. Nilihisi yanapanda kutoka mgongoni, yanatambaa mbavuni, yanafika kooni. Nikajaribu kuketi.

"Linainuka!" mmoja akapiga kelele. "Lishikeni, linainuka!"

Wakanishika mabega. Nikapiga mateke, na Katunge, kiongozi wa maombi, akanikalia miguu. Povu likanitoka mdomoni likaanguka juu ya leso, na hapo vigelegele vikapaa, eti pepo linatoka kwa rangi yake. Nilikuwa nakufa na watu wananishangilia. Sikuwa na hewa ya kusema nitoeni. Nilikuwa na meno tu. Mkono wa Katunge ulipopita karibu na uso wangu kunipangusa, nikamng'ata kidole gumba mpaka nikasikia mfupa.

Aliniachilia. Niliketi, nikatambaa hadi ukutani, nikakohoa huko mpaka rangi ya dunia ikarudi. Wale akina mama walisimama mbali wakiimba kwa sauti ya chini. Hakuna aliyeimba kwa nguvu tena.

Naeleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu yule mwanamke kijana wa benchini pia walimlaza. Wewe unayesoma, kama kifua chako kinajaa unapolala, usikubali mtu akulaze, awe mchungaji, awe mama mkwe, awe na leso au na Biblia. Ombewa umeketi. Mungu hana shida na viti.

Mutua aliogopa siku ile. Alikuwa mlangoni, aliona uso wangu ukigeuka rangi. Jumatatu alinipeleka hospitali kubwa ya serikali, ambako tungekwenda tangu mwanzo kama tusingekuwa watu wa kuamini koti lililopigwa pasi. Tulikaa foleni tangu asubuhi hadi mchana. Kuna watu kwenye foleni ya hospitali ambao nawadharau mpaka leo: yule anayeshika nafasi ya mtu ambaye hayupo, yule anayekuuliza unaumwa nini ili akuambie binamu yake alikufa kwa hiyo hiyo, na yule aliyefika mapema akapata kiti cha ukutani. Mabenchi yale hayakuwa na egemeo, ukuta ulikuwa mmoja, na aliyeupata alijitandaza kama ameachiwa urithi. Niliinama nikajishikilia magotini.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, macho mekundu kwa uchovu. Aliniambia nivue sweta. Nilijua hapo kwamba tumefika mahali. Alisikiliza muda mrefu, akanigeuza ubavu wa kushoto, akafumba macho, akasikiliza tena. Halafu akauliza, "Ukilala unatumia mito mingapi?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Daktari, kwetu kuna mto mmoja na ni wa Mutua."

"Sasa unalala aje?"

"Nimeketi. Naegemea furushi la mapazia."

Aliweka kalamu chini. Miezi yote hiyo, huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kusikia neno hilo na asiliite pepo. "Hii si TB," akasema. "Ni moyo."

Sitajaribu kuwa daktari hapa. Nitasema tu alivyonieleza. Damu hutoka moyoni ikaenda mapafuni kuchukua hewa, kisha hurudi moyoni kupitia kilango cha upande wa kushoto, ndipo isukumwe mwilini kote. Kilango changu kilikuwa kimekakamaa, kinafunguka kidogo tu. Damu ikirudi kutoka mapafuni inakuta njia imebanwa, inajazana nyuma, na maji yake yanavuja kwenye mapafu. Alitaka kunichorea nikamwambia asichoke. Sisi wa Gatwekera tunajua habari hiyo. Mtaro ukizibwa na taka kule chini karibu na reli, anayeamka godoro likielea ni mtu wa juu. Yule wa chini aliyetupa taka analala pakavu. Mapafu yangu hayakuwa na kosa lolote, na ndiyo yaliyokuwa yakimezeshwa vidonge.

Akaniuliza kama nikiwa mtoto niliwahi kuumwa koo, kisha magoti yakavimba. Nilikumbuka. Kitui, nikiwa rika la Ndinda, nilishindwa kutembea, goti moja likipona linaanza jingine, na nyanya yangu akanichua mafuta mpaka nikapona. Tulidhani nimepona. Daktari akasema koo lile ndilo lililoanza kukikakamaza kilango, polepole, miaka yote hiyo nikiwa naruka kamba. Basi wewe mwenye mtoto, koo likifuatwa na magoti, mpeleke hospitali. Mafuta achuliwe baadaye.

Nilipewa dawa ya kukausha maji, ambayo inakupeleka chooni mpaka unamchukia aliyejenga choo mbali, na sindano ya kila mwezi ya makalio, nzito, inayokufanya uchechemee hadi kesho yake. Nikaambiwa kilango kinaweza kupanuliwa na nitawekwa kwenye foleni. Foleni nyingine.

Jioni hiyo Mutua alitoa kikombe chekundu msumarini akakitumia yeye mwenyewe kunywea chai. Wiki hiyo alikuja na kichwa cha kitanda, kimoja cha vile vya maua, kilichokataliwa na mteja wa Ayany kwa sababu kilipasuka, akakipigia miguu nyuma kikasimama kwa mteremko. Akakiweka juu ya godoro, akanirundikia mapazia juu yake. Niliegemea maua ya tajiri nikalala nusu nimeketi nusu nimelala, usingizi wa kwanza wa maana tangu mvua zianze. Nilimpenda sana Mutua wakati huo. Naandika hivyo ili iwe imeandikwa, kwa sababu sasa nakuja kwenye televisheni.

Uchaguzi ulikuja, kura zikapigwa, zikahesabiwa jinsi zilivyohesabiwa, na jiji likawaka. Sitaki kuwaeleza habari ya wakubwa. Walikuwa na magari, walinzi na kifua kizima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujali mtu wa Gatwekera anapumuaje. Soko la Toi liliungua. Meza yangu iliungua. Mapazia yangu mazuri hayakuungua, kwa sababu yalikuwa nyumbani nyuma ya mgongo wangu. Hiyo ndiyo faida moja niliyowahi kupata kwa kuwa mgonjwa.

Mwanzoni sisi Wakamba hatukuguswa sana. Tulikuwa watu wa pembeni katika ugomvi ule. Kisha Januari mkubwa mmoja wa kwetu akakubali kiti kikubwa katika serikali iliyopingwa na mtaa wetu, na siku hiyo hiyo tukawa wasaliti sote, hata mimi ambaye siku ya kura nilikaa kwenye ndoo foleni nzima na nikampigia mwingine. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mtu niliyemchotea maji mkewe alipojifungua, alikuja akasimama mlangoni akitazama miguu yake.

"Mama Ndinda, mimi sina neno na nyinyi," akasema. "Lakini hawa vijana... heri mtoke mchana."

"Na wewe utawaambia nini wakija?"

"Nitawaambia hamko."

Huo ndio ujirani aliokuwa nao. Tulitoka mchana. Dawa zangu nilizifunga kwenye kanga kiunoni. Nikamwambia Mutua, "Beba kile kichwa cha kitanda." Mume wangu, fundi aliyekitengeneza kwa mkono wake, alikitazama kichwa cha kitanda, akaitazama televisheni yetu, akabeba televisheni.

Tulipokaribia kutoka Kibera tukakuta vijana wameweka mawe barabarani.

"Niaje, mathe. Mnaenda wapi?"

"Hospitali," nikasema.

"Na TV inaumwa nini?"

Wakaichukua. Mutua alianza kubishana, mimi nikaketi chini juu ya jiwe lao, nimeinama, napumua kama mbwa wa mchana. Mmoja akanitazama akasema, "Huyu anaisha, bana. Wacha wapite." Wakatupitisha. Kwa hiyo naweza kusema ugonjwa ulitufungulia njia na televisheni ikatufungia, na hilo nimemkumbusha Mutua mara nyingi kuliko inavyofaa.

Tulikwenda Kawangware kwa Katunge, kwa sababu hatukuwa na pengine. Kawangware nako kulikuwa kunawaka, watu wanawindana kwa majina ya baba zao. Katunge alifungua mlango akatuvuta ndani. Nilimtazama kidole. Kilikuwa kimepona vibaya, ukucha umekaa upande. Yeye aliona namtazama kidole.

"Kaa hapo," akasema, akinionyesha pembe ambapo kuta mbili zinakutana. "Hapo utaegemea pande zote."

Ilikuwa pembe yake ya kulala. Alihamia mlangoni, mahali upepo unapoingilia. Nilitaka kumchukia bado, na niliendelea kwa siku kadhaa.

Baada ya muda si mrefu Mutua alisema anakwenda Kitui kumwangalia Ndinda. Alikwenda, akamwangalia, akaendelea kumwangalia. Alirudi wakubwa walipopeana mikono ya amani, jambo ambalo aliliona kwenye televisheni ya jirani wa mama yangu.

Huku nyuma dawa ya maji iliisha. Maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa, barabara zimezibwa, na mwezi wa sindano ukapita bila sindano. Miguu yangu ilivimba mpaka nikibonyeza kidole shimo linabaki. Tumbo likajaa. Nilishindwa kumaliza sentensi, na kwa mtu kama mimi huo ulikuwa ugonjwa mkubwa kuliko wa moyo. Katunge alipika uji, nikapiga funda mbili nikaishiwa pumzi. Alinitazama, kwa mara ya kwanza hakuomba kwa sauti.

"Nikwambie ukweli?" akasema. "Mimi siku ile niliona ni pepo. Kabisa. Hata leo sijui nilikuwa nimeona nini."

"Uliona mtu anazama," nikamwambia. "Ukamkalia."

"Nilikukalia," akasema. "Kesho tunaenda hospitali."

"Barabara?"

"Nitaongea nao. Mimi wananijua, wanakula chapati zangu."

Na kweli aliongea nao. Alitangulia mbele yangu akiita kila kijana kwa jina la mama yake, na tukapita, mimi nikiketi kila nilipoona kitu cha kuketia. Tulipofika hospitali watu walikuwa wamejaa mpaka nje, waliokatwa, waliochomwa, na sisi wa magonjwa ya kawaida tukaonekana kama tumekuja kusumbua. Viti vya ukutani vilikuwa vimeshikwa. Katunge alimwomba mwanamume mmoja mzima kabisa, aliyekuja kumsindikiza shangazi yake, ampishe mgonjwa. Mwanamume akamwambia hata yeye mgongo unamuuma.

Basi Katunge akaniketisha katikati ya benchi, akazunguka, akaketi nyuma yangu, mgongo wake kwenye mgongo wangu.

"Egemea," akasema.

Nikaegemea. Mgongo wake ulikuwa mpana na moto, na haukusogea. Tulikaa hivyo saa nyingi kuliko ninavyoweza kukueleza, mimi nimetazama dirisha la kadi, yeye ametazama choo. Alipoanza kuomba nilimwambia aombe kimyakimya, maana anatetemesha kifua changu. Akanyamaza. Jioni nesi akafunga dirisha, akasema waliobaki warudi kesho. Tulirudi kesho. Alileta chapati, akaketi nyuma yangu bila kuambiwa. Mwanamke mmoja akatuuliza kama tumekosana.

"Ndiyo," Katunge akajibu, "sana."

Nilicheka, na hakika nilimpenda Katunge kwenye benchi lile, kwa hasira. Alifanya hivyo kila kliniki, mwezi baada ya mwezi, sindano baada ya sindano, mpaka mvua ndefu zikaanza na barabara zikawa ni matope tu na si mawe. Akiinuka jioni alikuwa anashika kiuno na kupiga kelele za mtu anayejifungua. Hakuwahi kuniambia nimshukuru, na kwa Katunge huo ni muujiza mkubwa kuliko yote aliyowahi kuitangaza.

Baridi ya katikati ya mwaka ilipoingia, hospitali ikapata madaktari wageni waliokuja kufungua vilango vya watu bila malipo. Nikalazwa. Walinikausha kwanza kwa dawa ya mshipa, usiku na mchana, mpaka vifundo vya miguu yangu vikaonekana tena, nikavisalimia. Yule daktari mdogo wa macho mekundu akaja akanieleza: watapitisha waya kutoka pajani hadi moyoni, na mwisho wa waya kuna puto dogo. Likifika kwenye kilango watalijaza, kilango kitapasuka kidogo pale kiliposhikana, kisha watalitoa.

"Sawa," nikasema. "Nitaketi wapi?"

Akatikisa kichwa. "Mama, hii lazima ulale chali."

Mimi si mtu wa kuogopa visu. Lakini niliposikia chali, nilishika chuma cha kitanda nikamwambia warudi kwao na maputo yao. Niliwaona wale akina mama. Niliiona leso. Katunge alikuwa amesimama pale na chupa ya uji, na nilingoja anihubirie imani. Hakuhubiri. Alimgeukia daktari akamuuliza, "Na akisema ainuliwe, mtamuinua?"

"Tutamuinua."

"Saa hiyo hiyo?"

"Saa hiyo hiyo."

"Ahidi tena ukimwangalia yeye," Katunge akasema. Daktari akanitazama usoni akaahidi.

Nililala chali mezani. Nilikuwa macho. Kifua kilibana lakini maji hayakuja, kwa kuwa walikuwa wameyakausha, na nilihesabu taa za dari nikitukana kimoyomoyo kila mtu niliyemtaja katika habari hii. Nilihisi moyo ukiruka, ukasimama kama mtu aliyejikwaa, ukaendelea. Mtu akasema kwa Kiingereza kwamba kimefunguka. Na hewa ikaingia. Sijui nikueleze vipi. Iliingia bila kuitwa, ikafika mpaka chini kabisa, mahali ambapo sikuwa nimefika mwenyewe tangu nilipoanza kufunga ndala kilimani. Nililia pale mezani, na mgeni mmoja akanipangusa machozi kwa kitambaa cha hospitali akidhani naumwa.

Baadaye nesi aliniamuru nibaki chali muda mrefu kwa ajili ya kidonda cha pajani, nisiinue hata kichwa. Mwaka mzima watu walinipigania nilale, sasa nikitaka kuketi nazuiwa.

Kliniki bado naenda. Sindano bado nachomwa kila mwezi na bado nachechemea. Daktari ameniambia kilango kinaweza kubana tena huko mbele, na mimi nimemwambia huko mbele tutaonana. Mutua ametengeneza kitanda cha kweli, tunakaa Kawangware sasa, na televisheni hajanunua kwa sababu anajua nitasema nini. Kanisani wanatoa ushuhuda kwamba pepo la kuketi lilitolewa Jumamosi ile, likachelewa tu kuondoka. Sijaenda kuwasahihisha. Siku nikienda, nitaenda na meno yangu.

Lakini siku niliyotaka kuandika ni ile ya kutoka hospitali. Katunge alinileta kwake mchana, akanikalisha kwenye ile pembe ya kuta mbili, akarundika nguo nyuma yangu, akaenda mlangoni kupasha uji. Nilikaa pale nikitazama mkeka wake sakafuni. Jua lilikuwa limeingia mlangoni likafika katikati ya mkeka. Nikasogea. Nikalala chali katikati ya jua, mikono pembeni, bila mto, nikafumba macho.

Nilisikia kikombe kikianguka. Kisha uzito wote wa Katunge ukashuka juu yangu, mikono yake chini ya makwapa yangu, ananivuta, anapiga kelele majirani wasikie, "Inuka! Mwende, inuka! Usilale, mama yangu, usilale!"

"Katunge."

"Inuka!"

"Katunge, napumua."

Akaacha kuvuta. Alibaki amepiga magoti, ameniinamia, uji unamtiririka mkononi, kile kidole gumba cha ukucha wa upande kikielea juu ya kifua changu. Akakishusha pole pole kikatua. Kifua kikapanda, kikashuka. Kikapanda tena. Akaanza kulia bila sauti, yeye ambaye hata akipiga chafya anasikika mtaa wa pili.

Nikamwambia asogee kidogo, ananizibia jua. Akasogea, akaketi hapo mkekani kunilinda, nami nikalala.